Mguu wa Pili wa Kakuta

Soipan hajawahi kuongeza maji kwenye maziwa. Wateja wake wa Kitengela wanalijua hilo, na wachuuzi wenzake wanalijua zaidi, maana wanunuzi huwaacha wamesimama wakiona mitungi yake ya bluu imefika. Alipofiwa na mumewe, mwanawe Kakuta akiwa bado mtoto wa kukimbiza ndama, jamaa walidhani ataegemea mkono wowote utakaomshika. Hakuegemea. Alikamua, akabeba, akauza, akarudi Isinya. Na kwa miaka hiyo yote boma lake limekuwa na sheria moja: jambo ambalo huwezi kulifanya mchana mbele ya watu, usilifanye kabisa.

Ndiyo maana Alhamisi ile, maziwa yalipokwisha mapema akarudi nyumbani kabla ya wakati wake, alichokikuta katika banda la wana-mbuzi kilimkata maini.

Kakuta, mwanawe wa pekee, alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Ni kijana mtu mzima sasa, mwenye kuchunga asubuhi na kuendesha baiskeli ya mashindano jioni. Mbele yake palikuwa na beseni, kipande cha sabuni na wembe. Mguu wa kulia ulikuwa umenyolewa kuanzia kifundo hadi juu ya goti, unang'aa kwa maji. Wa kushoto ulikuwa bado na nywele zake.

"Nani amekufa?" Soipan akauliza.

Kwao nywele hunyolewa kwa sababu. Hunyolewa msiba ukiingia. Bibi harusi hunyolewa kabla ya kuondoka kwao, na morani hunyolewa siku anapouacha umorani, na siku hiyo mwenye kushika wembe ni mama yake. Lakini mwanamume kujinyoa miguu, tena amejificha nyuma ya mbuzi, Soipan hakujua aliite nini.

"Hakuna aliyekufa, Yeyo," Kakuta alimwambia mama yake, akivuta suruali kujifunika. "Ni mambo ya baiskeli."

"Baiskeli ndiyo imekuambia ujifiche?"

Mama akaingia, akawasukuma wana-mbuzi kando kwa goti, akasimama mbele yake.

"Sema yote."

"Kila mtu kwa klabu amenyoa. Hiram anataka tuwe hivyo kwa mashindano ya Jumamosi."

Hiram ni fundi wa baiskeli pale Kitengela, na ndiye nahodha wa klabu yao. Juzi alikuwa amemwambia Kakuta mbele ya wenzake, "Wewe na hizo nywele unapanda mlima umebeba boma lote mguuni." Wakacheka, na Kakuta akacheka nao, kama mtu anavyocheka asipokuwa na la kufanya.

"Hizo nywele zinakupunguzia mwendo?" Soipan akauliza. "Hizo? Mbuzi mmoja hapa angezimaliza kwa mtafuno mmoja."

"Wanasema ni upepo."

"Wanasema. Wewe unasema nini?"

"Upepo sijui. Lakini Katee wa klabu yetu alianguka tukiteremka Kona Baridi, changarawe ikaingia kwa nyama. Hakuwa amenyoa. Kila siku bandeji ikitolewa inatoka na nywele, mtu mzima analia kama mtoto."

"Hiyo ni sababu. Uko na ingine?"

Kakuta aliangalia beseni. "Wote wamenyoa, Yeyo. Nikisimama nao mimi ndiye naonekana mgeni."

Soipan aliliamini hilo la mwisho kuliko yote. La upepo lilikuwa la kuambiwa na la jeraha lilikuwa la Katee. Hili lilikuwa la mwanawe mwenyewe, na lilitoka kwa shida kama jino.

"Kwa nini bandani?"

"Kwa sababu ya baba mkubwa. Unajua alivyosema."

Alijua. Mzee Tajeu, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, alikuwa ameonyeshwa picha ya hao waendesha baiskeli kwenye simu ya mtu sokoni Kajiado. Aliitazama, akairudisha, akasema kwamba mwanamume anayenyoa miguu, yeye hatamsimamia kwa neno lolote. Na Jumapili iliyokuwa ikija, Tajeu ndiye aliyekuwa wa kuongoza wazee kwenda Kitengela kumposea Kakuta binti ya Mbuvi, Mutheu. Mbuvi ni Mkamba, msimamizi wa zamani wa machimbo ya mawe, mtu wa maneno machache. Alikuwa ametuma ujumbe ulio wazi: kijana asiye na baba aje na anayesimama mahali pa baba, la sivyo asije. Bila Tajeu, hakungekuwa na posa.

"Nitavaa suruali ndefu mpaka Jumapili ipite," Kakuta akasema. "Hataona. Niache tu nimalize huu mwingine."

"Na Jumapili ikipita?"

"Basi itakuwa imepita."

"Utaomba mke kwa mdomo wa mzee uliyemdanganya." Soipan aliinama, akauchukua wembe, akaufunga kwenye pindo la leso yake. "Mguu mmoja umeuiba. Wa pili hutauiba. Kesho mzee akija kuangalia ng'ombe, utamwonyesha mwenyewe."

"Atakataa kwenda."

"Anaweza kukataa."

"Na Mutheu?"

Soipan alitoka bandani.

Mtu asidhani kwamba ilikuwa rahisi kwake. Alimtaka Mutheu pengine kuliko alivyomtaka Kakuta mwenyewe. Siku ya kwanza msichana yule alipokuja bomani, hakuketi kungoja chai. Aliuliza vibuyu vya maziwa husafishwa vipi kwa mkaa, akaukunja mkono wa blauzi, akajifunza. Jioni hiyo Soipan akikamua aliuona ule mwaka ujao wote alioutamani, na akajua kwamba kuuokoa kulihitaji kitu kidogo sana: anyamaze. Suruali ndefu ifunike, siku zipite, nywele ziote. Watu wengi wema huangukia hapo hapo. Uongo wenyewe hawausemi. Wanaupa tu mahali pa kulala. Soipan alikamua hadi tone la mwisho, akaingia ndani, na hakubadilisha neno. Kakuta alikula akiwa amempa kisogo.

Ijumaa asubuhi Tajeu aliingia, fimbo mkononi, shuka limefunikwa na koti.

"Takwenya, Ng'oto Kakuta," akamsalimu mama Kakuta.

"Iko," akaitikia.

Aliketi kwenye kigoda chake cha siku zote nje ya mlango. Soipan akamletea kibuyu cha maziwa, naye akakiweka chini kando ya mguu, maana hanywi kabla ya kuzungumza. Akaulizia dawa ya kupe. Akaulizia ng'ombe mwenye mimba. Kakuta alisimama karibu na ua, amevaa suruali ndefu, uso umemkauka.

"Kesho kutwa tutoke mapema," Tajeu alisema. "Huyo Mkamba nasikia anapenda saa."

"Mzee," Soipan akasema, "Kakuta ako na neno."

Hapo Kakuta angeweza kusema uongo wowote. Alimtazama mama yake mara moja. Kisha akainama, akakunja suruali, mguu wa kulia, halafu wa kushoto, mpaka juu ya magoti, akasimama hivyo.

Tajeu aliangalia mguu mmoja. Akaangalia wa pili. Akarudi kwa wa kwanza.

"Wembe uliisha makali katikati?"

Hakuna aliyecheka.

"Nilijinyoa bandani, Baba. Yeyo akanikuta. Nilitaka kukuficha hadi Jumapili iishe."

"Basi tafuta mwingine wa kwenda na wewe." Tajeu hakupaza sauti. "Nimwambie Mbuvi nini? Nimeleta mwanamume, ama nimeleta bibi harusi mwingine?"

"Mzee," Soipan alisema, "wewe nilikuona nikiwa msichana mdogo. Nywele zako zilifika kiunoni, nyekundu kwa udongo na mafuta. Mlikuwa mkishinda kivulini, nyinyi morani, mkisukana kutwa nzima. Nani aliwaita wanawake?"

"Ile ilikuwa alama ya rika."

"Na hao wa baiskeli ni rika lake. Alama yao ndiyo hiyo."

"Rika hutolewa na wazee. Hakuna anayelichukua nyuma ya mbuzi." Sasa Tajeu alikuwa amemgeukia. "Na wembe je? Siku yangu mimi sikujinyoa. Mama yangu alininyoa, watu wakiona, na nililia, na sioni aibu kusema nililia. Huyu amejinyoa kama mwizi anayefuta alama kwa ng'ombe wa wenyewe."

"Hapo umesema kweli," Soipan akasema.

Kakuta alimtazama kana kwamba amemuuza.

Lakini mama alikuwa ameshaingia ndani. Alitoka na ngozi ya ng'ombe, akaitandika mbele ya mlango, hatua chache kutoka kwa kigoda cha mzee. Akarudi tena, akaleta bakuli la maji, akayatia maziwa kidogo, kama afanyavyo mama wa morani siku ya kumnyoa. Kisha akafungua pindo la leso, akautoa wembe.

"Keti," alimwambia mwanawe. Kakuta akaketi.

"Mzee, mguu wa kwanza aliuiba, na amekiri mbele yako. Huu wa pili uko mkononi mwako. Ukisema hapana, naweka wembe chini. Ataenda mashindano hivyo alivyo, achekwe, na mimi sitakulaumu. Usiposema, nitamnyoa mimi mama yake, mchana, ukiona. Lakini Jumapili, ukienda ama usipoenda, usiseme hukujua."

Tajeu aliikaza mikono juu ya fimbo. Barabarani malori ya kwenda Namanga yalinguruma, yakapita. Soipan alilowesha mguu wa mwanawe kwa kiganja, polepole kuliko ilivyohitajika, kusudi mzee apate nafasi ya kusema. Aliushika kifundoni, mahali ambapo hakuwa amemshika tangu alipokuwa mtoto wa kutolewa miiba, akangoja. Wembe ulikuwa hewani.

Mzee hakusema kitu.

Soipan akanyoa. Alinyoa kama anavyokamua, bila haraka na bila kuacha, na muda wote huo Tajeu aliwatazama ng'ombe. Alipomaliza aliufuta mguu kwa leso. Tajeu akainuka, akarekebisha koti, akaondoka bila kuaga.

Kibuyu kilibaki chini ya kigoda, kimejaa hadi shingoni. Kwa mzee kuacha maziwa ya nyumba ya ndugu yake bila kuyagusa, hilo ni neno zito kuliko matusi, na Soipan alilisikia vizuri. Alikichukua kibuyu akakirudisha ndani.

"Umenimaliza, Yeyo," Kakuta akasema.

"Pengine," alisema mama.

Jumamosi waendesha baiskeli walitoka Kitengela hadi Kajiado na kurudi. Kakuta alimaliza katikati ya kundi, pale pale alipokuwa akimaliza siku zote alipokuwa na nywele, na yeyote anayedhani wembe humpandisha mtu mlima akayaulize mapafu yake. Hiram alimpiga bega. "Sasa wewe ni wetu. Nani alikunyoa vizuri hivyo?" Kakuta akamwambia ni mama yake. Walianza kucheka, wakamwona hacheki, wakaacha.

Jumapili walisimama kando ya barabara, mama na mwana na wazee wengine wawili wa ukoo, wakitazama upande wa Tajeu. Walingoja mpaka mmoja wa wazee akaanza kusafisha koo, tayari kusema turudi. Ndipo shuka likaonekana mbali, linakuja kwa mwendo wake ule ule. Tajeu alisalimia wote kwa pamoja. Njia nzima hakumwambia Soipan neno, na Soipan hakujua kama amekuja kuposa au kukataa mbele ya mashahidi.

Kwa Mbuvi waliketishwa sebuleni. Soipan alipeleka jikoni kibuyu cha maziwa alichokuja nacho, kisha akakaa karibu na mlango, ambapo aliweza kusikia. Mbuvi aliwakaribisha, akaulizia mvua ya Kajiado, halafu akaweka mikono magotini.

"Mzee Tajeu, kabla ya chai kuna jambo. Jana nilikuwa barabarani vijana wa baiskeli wakipita. Miguu laini kama ya watoto wachanga. Na huyu wenu nikamwona katikati yao, laini vile vile. Nauliza tu. Nyumbani kwenu mnajua, ama hata nyinyi mmefichwa? Kwa sababu mtu anayeficha wazee wake, msichana wangu atamficha mara ngapi?"

Kakuta alitazama sakafu. Jambo lile lile la kuficha, ambalo Soipan alilikataa bandani, lilikuwa limekuja hadi hapa kama swali, na sasa, wazee wakizungumza, hakuwa na ruhusa ya kulijibu.

Tajeu alikohoa.

"Tunajua," alisema. "Mguu mmoja alitaka kutuficha, akakiri mwenyewe. Wa pili alinyolewa na mama yake, mchana, mimi nikiwa nimeketi karibu kama nilivyoketi na wewe."

"Na ulikubali?"

"Sikukubali. Hata leo sijapenda. Lakini sikufichwa, na nisingeketi hapa kama ningefichwa."

Mbuvi alimtazama mgeni wake. Kisha akageuza kichwa kuelekea jikoni akasema chai iletwe, wazee wamekaa kutwa na koo kavu.

Mutheu mwenyewe ndiye aliyeileta. Tajeu alipokea kikombe kwa mikono miwili, akakisogeza puani, akanusa ule moshi mdogo wa vibuyu vilivyosafishwa kwa mkaa.

"Haya maziwa ni ya kwetu," alisema, bila kumtazama mtu.

Akanywa, akamaliza, akakirudisha kikombe kuongezewa.