Springi na Tiba ya Mawimbi

Mtaa mzima ulimwita Springi, kwa kuwa kochi likishapita mikononi mwake halibonyei tena. Alikuwa mtu wa makamo, kifua kipana na mdomo mwepesi, mwenye karakana iliyojaa sponji na vitambaa. Mkewe alishona vifuniko vya mito kwenye cherehani pale dirishani, na kutwa nzima walitaniana hadi wateja wakasahau walichokijia.

Mwaka ule utani ukakauka. Mambo ya chumbani yalianza kumgomea Springi, mwanzoni mara mojamoja, kisha moja kwa moja. Akasingizia mgongo. Akasingizia joto. Mwishowe akawa analala mapema kama kuku, uso ukutani, na kila mteja alipoita "Springi!" alihisi kama anasimangwa.

Asubuhi moja redioni, daktari alikuwa akieleza tiba mpya za tatizo hilohilo: mashine ya mawimbi inayogonga pale palipolegea ili kuamsha mishipa midogo ya damu, na sindano inayotengenezwa kwa damu ya mgonjwa mwenyewe. Springi aliruka akazima redio, ila jina la kliniki lilikuwa limeshamkaa kichwani.

"Naenda kung'oa jino," akaaga.

"Lipi?" mkewe akauliza bila kuinua macho.

"La nyuma kabisa. Huwezi kuliona."

Kliniki, alijibanza kwenye kona ya chumba cha kusubiri, kofia imeshuka hadi kwenye nyusi. Mlango ukafunguka, akaingia mama mkwe wake, amemshika mumewe mkono kama anayempeleka mtoto shule.

"Ee, mwanangu! Kumbe na wewe upo?" mama akasema kwa sauti ya kuuzia samaki.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba. Mimi... jino tu."

"Marahaba. Lakini hapa hawang'oi meno, mwanangu. Mimi nimemleta huyu mzee wangu, anaona haya kama bibi harusi. Kwani kuugua ni dhambi?"

Baba mkwe alikuwa amekazia macho feni ya darini. "Mama yenu huyu," akanong'ona, "hana breki." Springi alitaka kujizuia, akashindwa, akacheka hadi kofia ikadondoka.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho. "Mashine hiyo ninayo," akasema. "Wapo wanaopata nafuu, wapo wasioona tofauti yoyote. Ile sindano ya damu bado inachunguzwa, mimi siichomi. Ila kabla ya yote nipe kidole nipime sukari."

Sukari ilikuwa juu, na huenda ilikuwa ikiiharibu mishipa yake kimyakimya kwa muda mrefu. Springi aliyekuja kutafuta nguvu akaondoka na dawa za kisukari, amri ya kupunguza soda na kutembea kila siku, na miadi ya mashine.

Alipofika karakana, cherehani ilikuwa kimya. Mama mkwe alikuwa ameshapiga simu.

"Pole na jino," mkewe akasema. Kisha machozi yakamtoka. "Miezi yote hii nilidhani umepata mwingine! Nimemchukia hadi yule dada wa duka la vitambaa, masikini, hana hata kosa."

"Mwingine nimpeleke wapi, mke wangu, na hali hii?"

Akampiga kwa mto. Akampiga tena, sasa huku anacheka.

Tangu hapo walienda kliniki pamoja. Mashine ilimgonga tak-tak-tak, haikuuma, na Springi akamwambia daktari kwamba hata yeye kochi huligonga taratibu hivyohivyo. Sukari ikashuka, tumbo likapungua. Kama ni mawimbi, ni dawa au ni kuacha kujificha, daktari mwenyewe hakutaka kuapa. Ujana haukurudi wote, ila kilichorudi kiliwatosha.

Jumamosi moja mchana, mteja alifika kuchukua kochi lake akakuta karakana imefungwa. Akagonga mlango wa nyumba, akaita, akagonga tena. Ndani akasikia kicheko cha watu wawili, kisha sauti ya mwanamke:

"Fundi ana kazi! Njoo Jumatatu!"