Sura ya Mzee Masila

Roda Muthoki alihariri picha katika kibanda kilicho nyuma ya duka la simiti, Kitengela. Alipenda zaidi kurekebisha sura za watu. Chunusi aliziondoa, macho mekundu akayafanya meupe, na maharusi waliokondeshwa na wasiwasi akawaongeza mashavu. Hakuna aliyewahi kulalamika.

Siku moja akaja Kasyoki, mwalimu wa nasari, aliyefiwa na babake. Mzee Masila alikuwa soja, mlinzi wa geti la shamba la maua kule Isinya. Picha yake pekee ilikuwa kwenye simu: mzee juani, kofia ya sufu kichwani, jicho moja amelifumba, kovu limekatiza kidevu, meno ya mbele hayapo.

"Mfanye akae vizuri," Kasyoki akasema. "Hajawahi kuvaa suti."

Muthoki akamvalisha suti. Akaivua kofia, akampa nywele, akafungua jicho, akafuta kovu, akajaza meno. Ngozi akailainisha mpaka ikang'aa. Kasyoki alipoiona alilia kwa furaha, akasema babake amekuwa kama mbunge. Picha ikachapishwa kwenye bango kubwa, na Muthoki akaalikwa kupiga picha za mazishi.

Siku hiyo, lori la wafanyakazi wa shamba la maua likafika, likasimama kwenye lango la boma la marehemu. Wakaliangalia bango. Wakashauriana. Kisha lori likarudi nyuma, likashika barabara tena kutafuta mazishi yao.

Muthoki aliyaona hayo kupitia kamera. Hakupiga picha.

Mjane, Mama Nzula, akatolewa ndani akiwa ameshikwa mikono. Akalitazama bango.

"Kasyoki, huyu ni nani?"

"Ni Baba, mwaitu," Kasyoki akamjibu mamake.

"Huyu mimi simjui. Ako na meno."

Muthoki akasogea. "Ni mimi nilimtengeneza, mama. Ile kovu niliona ni mbaya."

"Ni mbaya," mjane akakubali. "Siku ya harusi yetu alinibeba na baiskeli, mteremko ukatushinda. Akajigeuza ndiyo niangukie juu yake. Kidevu kikapasuka, meno yakaenda. Mimi hata sikukwaruzika. Sasa wewe umeniletea mwanaume hajawahi kuanguka."

Masikio ya Muthoki yakawaka moto. Picha ya kwanza alikuwa nayo bado kwenye simu, basi akapanda bodaboda mpaka duka la kuchapisha pale Isinya. Safari hii aliuongezea uso mwanga kidogo tu, kwa sababu kofia ilikuwa imeutia kivuli. Karatasi kubwa zaidi dukani ilikuwa ndogo kwa bango lile. Akarudi nayo, ikabandikwa hivyo hivyo juu ya ule uso wenye meno, na mzee akabaki na mabega mapana na kichwa kidogo chenye kofia ya sufu.

Kasyoki alipowapigia simu, wafanyakazi walikuwa wamekaribia Kajiado. Lori likarudi. Dereva akalitazama bango.

"Ni yeye," akasema, akazima injini.

Pasta aliendesha ibada yote bila kugeuka nyuma kulitazama bango, asije akacheka.

Baada ya kuzika, Mama Nzula aliibandua karatasi mwenyewe, akaingia nayo ndani. Muthoki akaketi kula pilau na watu wa maua. Walimweleza kwamba mzee aliimba getini kila asubuhi, kwa sauti kubwa na vibaya sana, na kwamba hakuna aliyewahi kumwambia anyamaze.