Kilio Nilichokifuta

Kamera haikuwa yangu. Ilikuwa ya rafiki yangu anayepiga video za ndoa hapa Likasi, na aliniazima tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi kwa sababu wiki ile hakuna aliyeoa. Ilikuwa kamera ya video ya HD, nyeusi, nzito kuliko nilivyodhani, na nilipoishika mara ya kwanza nilijiona mtu mkubwa. Nasema hivyo kwa aibu. Nilikuwa karani wa shule, umri umeshapita thelathini, sijawahi kupiga hata filamu ya dakika moja, lakini tayari nilikuwa na kofia niliyoinunua kwa ajili ya kazi hiyo.

Rafiki yangu alinifundisha mambo mengi, nikashika mawili. La kwanza, kabla ya kupiga, mtu ashike karatasi nyeupe mbele ya uso ili kamera ijue cheupe ni kipi; bila hivyo watu wote watatoka na rangi ya wagonjwa. La pili lilihusu ubora wa picha, na hilo nililisikia bila kulitii.

"Weka qualité ya katikati," aliniambia. "Carte iko moja tu. Ukiweka ile ya juu kabisa, itajala mbio."

"Minye niko nafanya filamu," nikamjibu. "Haiko ndoa."

Akacheka, akanipa betri ya pili. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na mimi sikuchagua jembe tu, nililivisha kofia. Niliweka ubora wa juu kabisa.

Filamu yenyewe ilikuwa fupi. Mtu anatoka asubuhi kwa baiskeli kwenda kuchimba madini, harudi, wanawake wanamlia, na mwishoni tunaiona baiskeli yake imesimama peke yake kando ya reli jua likizama. Baiskeli ile niliipenda kuliko watu wote wa filamu. Nilikuwa nimeiota kwa miezi, nikijua hata upande gani kivuli chake kitaangukia.

Kwa sehemu ya kilio nilimfikiria shangazi yangu, dada mkubwa wa baba. Aliishi Kikula, nyuma ya soko, katika nyumba aliyoijenga na marehemu mume wake chumba kwa chumba. Mume alikuwa mtu wa hapa hapa Katanga. Sisi ni watu wa asili ya Kasai. Babu yangu aliletwa kufanya kazi ya mgodi, akabaki. Kwa kuwa nilipewa jina la babu huyo, shangazi hakuniita kwa jina hata siku moja. Aliniita "tatu", yaani baba, kwa Kiluba cha kwao Kasai. Aliweza kunigombeza kwa kuingia na viatu vyenye matope na kuniita baba hapo hapo.

Nilipomwomba alie kwenye filamu, aliniuliza nani amekufa.

"Hakuna, Tantine. Ni muntu wa filamu tu."

"Kwetu habaliake muntu mwenye haiko," alisema, akaendelea kuchambua maharage. "Tafuta bengine."

Nikatafuta wengine, majirani zake wanne, wakakubali kwa vicheko. Lakini Jumamosi asubuhi, nilipofika uani kwake na kamera yangu, nilimkuta shangazi amekaa kwenye kigoda, amefunga kitambaa kichwani na kitenge kiunoni kama mtu aliye msibani. Hakuwa anacheka.

"Nitalia ndugu yangu," alisema. "Ule wa ku gare. Ule hakuna mwenye alimulia."

Nilijua anamsema nani. Mwaka ule watu wa asili ya Kasai walipoambiwa warudi kwao, mahali ambapo wengi wetu hatukuwahi kupaona, familia zilikaa stesheni ya Likasi majuma na majuma zikingoja treni. Baba yangu mkubwa alikufa pale kwa kuhara. Walimzika asubuhi, alasiri treni ikaja, mke wake na binti yake wakapanda. Shangazi alibaki kwa sababu mume wake hakuwa mmoja wetu. Mume huyo alimficha chumbani na kumwomba jambo moja: asitoe sauti. Kilugha cha Kasai hakikusemwa kwa sauti siku zile, na hata baadaye, katika nyumba nyingi, hakikurudi. Ndiyo maana mimi nimekua na Kiswahili na Kifaransa, na lugha ya babu yangu najua maneno ya salamu na ya chakula tu.

Kwao Kasai, mtu wa heshima akifa, mwanamke wa ukoo humsomea kasala. Si wimbo hasa, wala si sala. Ni kumwita marehemu kwa majina yake yote, na ya baba yake, na ya waliomzaa baba yake, na mito waliyovuka, na ukaidi wao, mpaka aliyekufa ajue kwamba ametoka kwa watu. Shangazi alikuwa amekaa na kasala ya kaka yake kifuani zaidi ya miaka ishirini.

"Hii kintu itachunga sauti yangu?" aliuliza, akiitazama kamera.

"Itachunga, Tantine."

"Na mutoto yake kule Mbuji-Mayi atasikia?"

"Atasikia."

Nilimpa karatasi nyeupe. Aliishika mbele ya uso kwa mikono miwili, na kwa kuwa hakuelewa ni ya nini, alianza kusema nyuma yake, nikamwambia angoje. Kisha nikaichukua karatasi, nikapiga kwa kweli.

Alisema dakika kumi na tisa bila kusimama. Mkono mmoja shavuni, mwingine ukipiga paja polepole. Majirani wawili, nao wenye asili ya Kasai, waliacha vicheko vyao, wakaanza kumwitikia. Mmoja alifunika uso kwa kitenge. Na mimi? Nilikuwa natazama kioo kidogo cha kamera. Nilihangaika na kuku aliyepita nyuma. Niliangalia betri. Niliwaza kwamba ni ndefu sana, kwamba katika filamu ya dakika tisa nitatumia sekunde ishirini, na kwamba watu hawataelewa maneno. Sikusema kwamba mimi ndiye sikuelewa. Alipomaliza alikuwa amelowa jasho, akaomba maji, akanishika mkono akasema asante, tatu. Baada yake nikawapiga picha wanawake wote wakilia pamoja, dakika mbili, shangazi akiwa ametugeuzia mgongo. Hiyo ndiyo niliyoiona kuwa kazi yangu nzuri ya siku ile.

Jumamosi jioni nilitaka kuhamisha picha zote kwenye kompyuta. Umeme haukuwapo. Jumapili asubuhi haukuwapo. Kwetu hilo halimshtui mtu, na mimi pia halikunishtua. Nilikwenda ibadani, nikala, nikabeba kamera na baiskeli mpaka reli.

Mwanga ulikuwa ule ule niliouota. Vumbi lilikuwa limetulia, reli zilikuwa zimewaka rangi ya shaba, na kivuli cha baiskeli kilianguka upande niliotaka. Nikabonyeza. Kamera ikaandika kwamba kadi imejaa.

Ningeweza kushusha ubora na kufuta vipande viwili vitatu vidogo. Ningeweza kwenda kwa yule mtu mwenye jenereta anayetoa fotokopi barabarani, mwendo wa dakika ishirini, nihamishe kila kitu, nirudi kesho yake kuomba siku moja zaidi. Haya yote nimeyafikiria baadaye, na ninayafikiria hadi leo. Pale relini niliona jua tu. Nilifungua orodha nikatafuta kipande kirefu kuliko vyote, kwa sababu kirefu kingenipa nafasi kwa mara moja. Nilikiona: uso wake mdogo kwenye kioo, mkono shavuni. Nikajiambia yupo, ni mzima, anakaa Kikula, nitamwomba aseme tena Jumamosi nyingine. Kamera ikaniuliza kama nafuta kweli: Supprimer? Kulikuwa na Oui na Non. Nikabonyeza Oui, nikaipiga baiskeli.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alizaliwa siku ile ile, kabla giza halijaingia, nilipokuwa nasukuma baiskeli kurudi nyumbani. Jumatatu nilimweleza rafiki yangu ukweli. Aliingiza kadi kwenye kompyuta yake, akajaribu kuokoa kilichofutwa, akahangaika nayo nusu siku. Lakini baiskeli ilikuwa imeandikwa pale pale palipokuwa na shangazi. Hakunicheka, na afadhali angenicheka.

Filamu ilionyeshwa katika ukumbi wa parokia. Watu walipiga makofi, wakaisifu baiskeli. Shangazi alikaa mstari wa mbele na kitenge chake kipya, akingoja, na alichokiona ni mgongo wake. Tulipotoka nje aliuliza kwa upole:

"Na ile yenye nilisema?"

Nilikuwa na jibu tayari. Nililibeba mfukoni wiki nzima.

"Courant ilichoma ordinateur, Tantine. Yote ilienda."

Likasi hakuna uongo unaoaminika kama huo. Kila nyumba ina televisheni, friji au kompyuta iliyouawa na umeme uliorudi kwa nguvu. Alitikisa kichwa, akanigusa bega.

"Basi haiko kosa yako, tatu. Pole."

Alinipa pole. Nikaipokea.

Baada ya majuma machache nilimwomba aseme tena. Nilisema nitaazima kamera, nitakuja na kadi mbili. Alikuwa anasonga bukari, na hakugeuka.

"Nilikwisha kumulia," alisema. "Muntu habamuliake mara mbili. Atafikiri hatukumuacha aende."

Niliomba tena Krismasi, nikaomba Pasaka. Mara ya mwisho aliudhika, akasema nisimsumbue, kwamba yeye ameshapumua na kaka yake ameshapumua, na kama mashine imesahau, hiyo ni shida ya mashine. Kila aliposema mashine nilitaka kumwambia. Kila mara nilijiambia, atakapopona mguu uliokuwa ukimsumbua, mvua itakapokwisha, tukiwa wawili tu. Alikufa mwanzoni mwa kiangazi, kwa shinikizo la damu, na sikuwa nimemwambia.

Binti wa baba mkubwa, yule aliyepanda treni akiwa mtoto, alisafiri kutoka Mbuji-Mayi siku nyingi kwa barabara na reli, akafika siku moja baada ya mazishi. Alikuwa mama mtu mzima, mwenye macho ya baba yangu. Alipoingia uani aliuliza ni nani aliyemsomea shangazi kasala. Wale majirani wawili walijua kuitikia, hawakujua kusema. Tulikuwa tumemwimbia nyimbo za kanisa, nzuri, za Kiswahili, kwaya mbili zikipokezana. Hakuna aliyekuwa na majina yake. Yalikuwa ndani ya yale ya kaka yake, maana baba yao ni mmoja na babu zao ni wale wale, na aliyeyajua tumemzika.

Asubuhi yake alikuja kukaa karibu nami.

"Tantine aliniambiaka ku téléphone kama alilia papa mu kamera yako," alisema. "Baliniambia courant ilichoma. Hata kidogo haikubakia?"

Sijui kwa nini kwake niliweza. Labda kwa sababu ya yale macho. Nilimwambia umeme haukuchoma kitu. Nilimwambia nilifuta mimi, kwa kidole changu, ili nipate nafasi ya kupiga baiskeli. Nilimweleza hata kwamba jua lilikuwa zuri, kana kwamba hilo lingesaidia.

Hakunitukana. Kisha akauliza tena, kwa maneno yale yale, kama hata kidogo hakikubaki.

Kilikuwapo kidogo. Kipande cha karatasi nyeupe, sekunde kumi na nne za kabla ya kupiga kwa kweli, sikukifuta kwa sababu kilikuwa kifupi mno na hakikuchukua nafasi. Nilikuwa nacho kwenye simu na sikuwahi kumwonyesha mtu. Nikampa.

Kwenye kioo inaonekana karatasi, safi, nyeupe sana, kila mkunjo unaonekana; kamera ilikuwa nzuri kweli. Pembeni mwa karatasi kuna vidole vyake vinne na vinne. Uso hauonekani. Halafu sauti yake inatoka nyuma ya karatasi, imara, ya mtu aliyengoja sana na sasa anaanza: "Mwanetu." Na juu yake inakuja sauti yangu, ya haraka, ya mwenye kazi nyingi: "Bado, Tantine. Bado kwanza. Ngoja nikuambie." Naye ananyamaza, kwa utii, mpaka mwisho wa kipande.

"Mwanetu," alirudia binti wa baba mkubwa. "Ni kusema ndugu yangu. Njo vile inaanzaka."

Akarudisha mwanzo. Shangazi akamwita kaka yake, na mimi nikamwambia bado. Akarudisha tena.