Kombi ya Kulala Ukweni

Watu wa gereji walipomuuliza Makhanu kwa nini anajisumbua na gari la kulala ilhali ana kitanda nyumbani, aliwajibu kwamba kitanda si shida, shida ni mahali pa kukiweka ukweni. Walicheka wakidhani anawatania. Hakuwa anatania. Mzee huyu alitumia miaka sita kujenga kitanda chenye magurudumu ili alale siku tatu karibu na mama mkwe wake bila kumvunjia heshima, na mwenye kutaka kucheka na acheke sasa hivi, maana huko mbele hakuna kicheko.

Makhanu ni fundi wa bodi mjini Nakuru. Ana miaka sitini na tatu, na zaidi ya nusu yake ameimaliza akinyoosha magari yaliyokunjwa na malori, nguzo na ulevi wa wenyewe. Kwao ni Bungoma, na mila za Kibukusu amezishika kuliko hata ndugu zake waliobaki nyumbani. Kwa mila hizo, kama alivyolelewa yeye, mkwe halali kwenye boma la mama mkwe. Anamsalimia kwa mbali, anakula alichopikiwa, na jua likianza kushuka anatafuta kofia yake.

Mkewe, Chepngeno, ni wa Olenguruone, kule juu kwenye baridi na majani chai. Miaka ishirini na miwili alifanya kazi ya maua Naivasha, akipanga chumba kimoja Karagita na kurudi Nakuru mwisho wa wiki. Kazi yake ilikuwa kuchambua waridi kwa urefu wa shina na kusoma namba za maboksi, na macho yake yalizoea kuona namba hata pale ambapo mwingine angeona uchafu tu. Kwao alikwenda kwa nadra, na alipokwenda na mumewe walifika asubuhi wakaondoka jioni, kama watu waliofuata dawa hospitalini.

Alipostaafu, mama yake alimpigia simu. "Sasa umepumzika. Kuja na bwana yako mnilalie siku tatu. Nataka niamke asubuhi nimpate mkwe wangu hapo, anisalimie kabla sijaenda."

Ombi dogo, lakini liliwatoa jasho. Weldon, ndugu yake Chepngeno, alisema shemeji alale kwake, nyumba iko hatua thelathini tu kutoka kwa mama. Makhanu akakataa: boma ni moja. Akaambiwa kuna gesti pale sokoni. Hapo alikasirika kabisa, akauliza kama yeye ni mchuuzi wa dawa ya panya hata alale sokoni siku ya kumtembelea mkwe. Chepngeno alisema basi ataenda peke yake, lakini mama akamkatalia. Alimtaka na mumewe, la sivyo wangojee.

Ndipo Makhanu akaenda Dundori kurekebisha mlango wa pikapu ya mjane mmoja mkulima wa viazi, Wangechi, na nyuma ya zizi la ng'ombe akaona kitu kilichompa wazimu. Ilikuwa Kombi ya zamani, ile ya paa la kuinuka, yenye kitanda, kabati na sinki ndogo. Yaani iliwahi kuwa navyo. Sasa haikuwa na injini wala kioo, sakafu ilikuwa imetoboka nyasi zikachungulia, turubai la paa lilikuwa limeliwa na panya, na kuku walikuwa wakitagia kwenye sinki. Marehemu mume wa Wangechi alikuwa akiitumia kubeba wageni wa kuona ndege ziwani, akafa, gari likafa naye.

"Ukibeba hiyo takataka utakuwa umenisaidia," Wangechi alisema. "Lakini wape kuku siku mbili wazoee kuhama." Akamtafutia na kitabu cha gari kwenye sanduku la marehemu, namba zote zikiwa zimeandikwa vizuri kwa wino.

Jioni hiyo Makhanu alimweleza mkewe huku mikono ikicheza hewani. Gari litasimama nje ya lango la mama mkwe. Nje ya lango si boma. Paa ni lake, kitanda ni chake, kwa hiyo atakuwa amelala kwake, na asubuhi atafungua mlango amsalimie mama akiwa amesimama mbali kama inavyotakiwa. Chepngeno alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanunua kitambaa cha pazia, cha kijani chenye maua meupe. Mama alipoelezwa alisema ni sawa, huyo mkwe ana akili.

Kama Makhanu angekuwa fundi wa kawaida, hadithi ingeishia kwa furaha ndani ya mwaka mmoja. Shida yake ilikuwa ubora. Makhanu hawezi kuona puti, ule uji wa kuziba mashimo ya gari unaokauka kama mfupa, bila kutukana. Mafundi wengi hupaka puti juu ya kutu, wanapiga msasa, wanapaka rangi, na mwenye gari anaondoka akitabasamu. Makhanu husema huo ni wizi wa mchana. Kwake chuma kikishaliwa kinakatwa mpaka ufike kwenye uzima, halafu unachomelea bati jipya.

"Mzee, paka puti uende," Ubaid alimwambia. Ubaid ni mshona viti wa Bondeni, wanafanya kazi uwanja mmoja, na ndiye aliyeshona godoro la Kombi. "Mama mkwe hatakuja na sumaku kupima bati."

"Mimi nitajua," Makhanu alijibu.

Basi akakata. Alikata sakafu, akakata ngazi za milango, akakata mabega ya magurudumu. Alifanya hivyo Jumapili na jioni, kazi za wateja zikimpa nafasi. Akimaliza upande mmoja anaukuta mwingine haumpendezi, anaukata tena. Kila Krismasi simu ilikuja kutoka Olenguruone: gari limefika wapi? Kila Krismasi alijibu ni Pasaka. Pasaka alijibu ni Krismasi.

Mwaka wa tatu alifika nyuma, kwenye chumba cha injini, pale betri inapokaa. Asidi ya betri ilikuwa imekula ukuta wote. Hapa lazima nieleze jambo ambalo kila fundi wa bodi analijua. Kabla ya kukata gari, unatafuta namba ya chesisi ilipochapwa kwenye chuma, unakata kipande chake peke yake, unakisafisha, unakitunza, na mwishoni unakirudisha mahali pake mwenye gari akiona. Makhanu amewafokea mafundi wengi kwa kusahau hilo. Lakini mganga hajigangi. Gari hili halikuwa na mwenyewe wa kumsimamia, na asubuhi hiyo Weldon alikuwa amepiga simu kusema mama ameanza kutembea na fimbo. Makhanu akawasha grinda akakata kila kilichooza, akatupa nyuma yake bila kuangalia.

Chepngeno alikuwa amemletea chai. Akaokota kipande kimoja kilichoganda kutu na mavi ya kuku, akakisugua kwa kidole.

"Baba Maxwel, hii iko na namba. Si uweke?"

"Mama Maxwel, wewe unajua maua. Vyuma niachie mimi. Tupa huko."

Akatupa. Wiki hiyo hiyo watu wa vyuma kuukuu walipita na mkokoteni wakabeba lundo lote.

Mwezi wa tatu mwaka jana Kombi ikatoka, na injini ya mtumba nyuma. Hata waliokuwa wakimcheka walinyamaza. Nusu ya juu nyeupe, nusu ya chini kijani kufuata pazia, paa linainuka na kushuka bila kelele, sinki inang'aa, na hakuna mahali popote palipojaa puti. Wenye maduka walitoka nje kuitazama. Walipakia sukari, blanketi nzito ya mama na unga wa wimbi, na Chepngeno akavaa gauni alilokuwa amelihifadhi tangu mwaka wa kwanza. Njiani aliimba. Makhanu hakuwa amemsikia akiimba tangu Maxwel akiwa mtoto mchanga.

Walisimamishwa kwenye kizuizi cha polisi wakiwa wamebakiza safari ya saa moja. Askari hakuwa na ubaya wowote. Alilipenda gari tu, na hiyo ndiyo iliyowaponza, maana lingekuwa bovu angelipungia mkono lipite.

"Mzee, hii gari ni moto! Nimekuwa nikiona hii kwa picha tu. Hebu fungua nyuma nione engine."

Makhanu alifungua kwa majivuno. Askari akainama, akasifu, akapitisha mkono ukutani. Kisha akaacha kusifu.

"Chesisi namba iko wapi, mzee?"

Makhanu aliangalia bati lake jipya, laini, lililochomelewa vizuri kuliko bati lolote kiwandani.

"Ilikuwa imeliwa na kutu."

"Hapana, hii mtu amekata. Nani alikata?"

"Ni mimi."

"Hapo sasa umenipa shida, boss. Gari kama haina namba, mimi nitajuaje si ya wizi? Hata logbook haisaidii, hakuna kitu ya kulinganisha."

Fundi wa puti asingefikwa na haya. Angepaka uji wake juu ya kutu, na siku ya ukaguzi kutu ikakwanguliwa namba ikapatikana. Ni uaminifu wa Makhanu uliokata namba, na kiburi chake ndicho kilichoitupa. Chepngeno alikuwa amesimama kando, ameshika blanketi. Alimtazama mumewe mara moja tu. Hakumkumbusha kitu, na Makhanu aliona afadhali angemkumbusha.

Kombi ikapelekwa uwanjani kwenye kituo. Chepngeno akasema, "Tuende tu na matatu. Tumeshakaribia. Weldon atatungojea sokoni."

"Nifike kwa mama mkwe miguu mitupu, na mfuko wa sukari mkononi, halafu nilale wapi? Gari litatoka wiki mbili hivi. Tutakuja vizuri."

"Mama amezeeka."

"Amengoja miaka sita. Wiki mbili ni nini?"

Maneno hayo yalimtoka kwa kinywa chake mwenyewe, na bado anayasikia. Wakarudi Nakuru.

Wiki mbili zikawa miezi minne. Ilitakiwa barua ya Wangechi, kisha barua ya kuthibitisha barua ya Wangechi, kisha mkaguzi aliyekuwa safarini. Makhanu alipokwenda kituoni alikuta rangi imeanza kupauka, na kuku wa hapo wanajikinga mvua chini ya sakafu aliyoijenga. Mwezi wa saba, katikati ya baridi kali, Weldon alipiga simu. Hakuuliza gari limefika wapi.

Walifika mazishini kwa matatu. Langoni Makhanu alisimama, maana nje ya lango, kando ya ua, palikuwa na kiwanja kidogo kilichosawazishwa kama meza. Kilimwagiwa kokoto, kikachimbiwa mtaro wa kutoa maji, na kwenye kokoto hizo hapakuwa na jani hata moja la magugu. Gari la maiti lilikuwa limeegeshwa hapo.

"Pole, shemeji," Weldon alisema. "Hapa ni kwako. Mama alitusimamia tukapachimba ule mwaka wa kwanza mlisema mnakuja. Mvua ikibeba kokoto, anatuma zingine. Hakukubali hata ng'ombe ifungwe hapa. Leo dereva aliuliza mahali pakavu, na huku kote ni matope. Nisamehe."

Majuto ni mjukuu, lakini ya Makhanu yalikuja yakiwa yamekua tayari, yenye kokoto na mtaro. Alisimama pale akiangalia magurudumu ya gari la maiti mpaka Chepngeno alipomshika mkono wakaingia.

Mama alizikwa saa nane. Watu wakala, wakaanza kutawanyika. Jua lilipoanza kushuka Makhanu akatafuta kofia yake bila kufikiri, kama alivyofanya miaka yote, akamwambia mkewe atatafuta gari la kurudi Nakuru, yeye abaki na wenzake. Weldon akamzuia mlangoni.

"Shemeji, leo unakimbilia wapi? Aliyekuwa anakuzuia hayuko. Tumekutandikia kwa nyumba ya mama."

Makhanu alimgeukia mkewe, akitumaini atamtetea.

"Mama Maxwel, ile namba uliyoniambia niweke," alianza.

"Usiniambie hapa," Chepngeno alisema, macho yamevimba. Alikuwa amebeba ile blanketi waliyorudi nayo siku ya kizuizi. Akamwekea mikononi. "Mama alitaka ulale. Nenda ulale."

Wazee walikuwa wakitazama, na mtu hakatai kitanda mbele ya kaburi ambalo halijakauka. Makhanu akavua kofia. Akainama chini ya mlango ambao kwa zaidi ya miaka thelathini hakuwahi kuupita, akaingia na blanketi yake, na ndani hapakuwa na mtu wa kumwonea haya.