Jiwe la Mdogo Wangu

Mimi ni fundi wa maabara ya miamba katika chuo kikuu kimoja hapa Bukavu. Kazi yangu ni kuandaa vipande vyembamba vya mawe tunavyoviita lame: nakata jiwe kwa msumeno, nagundisha kipande juu ya kioo, kisha nakisaga mpaka mwanga upenye. Hapo ndipo hadubini inapoonyesha vilivyomo. Sehemu kubwa ya jiwe huishia kuwa matope kwenye beseni.

Mama yangu, mkulima wa kijiji cha Nyantende, hakuyajua hayo. Alidhani hadubini hutazama tu.

Mdogo wangu alikufa akichimba madini. Shimo lilimfunika, na mwenzake aliyetuletea habari hakutaka kusema ni kilima gani. Mwili hatukuupata. Tulibaki na jiwe la turmalini alilolitoa shimo hilohilo na kumletea Mama siku ya Noeli, la kijani kilichokolea, dogo kama haragwe. Mama aliliweka pamoja na rozari yake.

"Mama, nipatie ile jiwe," nilimwambia. "Naweza kujua ilitoka kilima gani."

"Utaiangalia tu, si vile?"

"Ndiyo, Mama."

"Na utanirudishia."

Nikaitikia tena. Msumeno sikuutaja. Nilitaka mno kuonekana msomi mbele ya mama yangu, na hilo linaniuma kuliko uongo wenyewe.

Lame ile niliisaga vizuri kuliko zote. Nilipozungusha meza ya hadubini, kijani kiligeuka hudhurungi, kikarudi kijani. Ndani mlikuwa na nyuzi nyembamba na vitone vya maji. Nikalinganisha na lame zote za kabatini, za mawe ya vilima mbalimbali. Vilima vitatu vilifanana nayo. Vitatu! Yaani sikujua chochote.

Jumamosi nilikwenda Nyantende na kile kioo, pamoja na kibanzi kilichosalia, kidogo kama punje ya mtama. Mama alitazama kiganja changu.

"Ingine iko wapi?"

Nikamweleza. Akakaa chini, palepale mlangoni.

"Padiri alikubali," alisema. "Ile jiwe njo nilitaka tuzike, sababu mwili hatuna."

Nililia mbele yake. Hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Tulichimba kaburi nyuma ya migomba, la urefu kamili wa mtu, kwa kuwa Mama alikataa dogo. Kibanzi alikifunga ndani ya shati la mdogo wangu, akakishusha mwenyewe. Nikamnyooshea na kile kioo.

"Hapana," alisema. "Hiyo iko yako. Wewe njo ulitaka kuona."