Kizibo cha Mawese

Mama yangu hakumpenda mbwa wetu. Alisema hivyo mwenyewe, kwa yeyote aliyeuliza: mbwa ni mlinzi, alale nje, ale makoko. Basi sijui nani alikuwa akimwachia kichwa cha samaki kila jioni, maana si mimi, na pale nyumbani tuliishi wawili tu.

Miaka ile ya elfu mbili na kumi na kitu, Mama aliuza mafuta ya mawese sokoni Bwera, mpakani, yale yanayovushwa kutoka Kongo. Dumu la nyumbani aliliziba kwa gunzi la hindi, kama wafanyavyo wengi kwetu. Gunzi likishinda wiki nzima kwenye mawese, hata binadamu hulitamani. Mchana mmoja alilichomoa, akaliweka juu ya kigoda ili amimine mafuta sufuriani. Alipogeuka, mbwa alikuwa amekwisha kulimeza, bila hata kulitafuna.

Kesho yake akaanza kutapika. Maji yalirudi, samaki alirudi, gunzi halikurudi.

Kwetu, mtu akikwamwa na mwiba wa samaki humeza tonge nene la obundu, ugali wetu wa muhogo, nalo huusukuma mwiba chini. Mama akasonga obundu. Jirani yetu, mwanajeshi mstaafu, akaja na dawa yake.

"Leta maji na chumvi, haraka. Itatapika yote."

Wakabishana juu ya kichwa cha mgonjwa, kila mmoja na bakuli lake. Mimi nikampigia simu daktari wa mifugo wa Kasese.

Daktari alikuwa mbali, huko Bugoye, kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Alisema tusimtapishe, gunzi lingeweza kukwama kooni likamnyonga. Tusimpe chakula chochote pia. Utumbo ukishaziba, kuujaza ni kuupasua. Tumpeleke asubuhi na mapema afanyiwe upasuaji. Tukichelewa, atakufa.

Mama akasikia yote, akaliweka tonge chini. Huyu ni mwanamke aliyetibu kila ugonjwa kwa sahani, tangu malaria yangu hadi huzuni za majirani. Mbwa akajikokota, akalala miguuni pake, macho kwenye obundu.

Jioni nikampakulia Mama chakula, akakisukuma kando.

"Mama, kula."

"Miye nitakula namna gani, na yeye iko ananiangalia?"

Nikapendekeza tumfungie nje. Alinitazama kana kwamba nimemtukana babu. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Nilisema hivyo moyoni tu, mdomoni sikuthubutu. Mimi nilikula nyuma ya jiko, nimesimama, nikitafuna polepole nisisikike.

Kulipokucha, jirani alitupeleka Kasese kwa gari lake, bado amenuna kwa ajili ya chumvi yake. Mama alikaa nyuma na mbwa mapajani, juu ya kitenge chake cha kanisani. Daktari alipokuwa akimpasua, sisi tulikaa barazani. Nikanunua chai na chapati. Mama aliishika chai mpaka ikapoa, akanirudishia.

Hatimaye daktari akatoka na gunzi kwenye bakuli la bati, bado jekundu kwa mawese. Mama hakulitazama.

"Iko muzima?"

"Ni mzima. Lakini leo asile. Kesho mpeni uji mwepesi, kidogo kidogo."

Nilimgeukia Mama, nikiwa na chapati mkononi. Nilikuwa na hasira naye, na nilimpenda mno.

"Basi tutakula kesho," akasema.

Kesho yake alipika uji, akaupuliza mpaka ukapoa, akaketi sakafuni na bakuli. Mbwa akaunusa, akageuza kichwa. Mama alichovya kidole kwenye uji, akampaka mdomoni, akangoja. Akachovya tena. Mara ulimi ukatoka, ukalamba kidole, kisha ukalifuata bakuli mpaka likabaki tupu.

"Leta na sahani yangu," akaniambia, bila kugeuka.