Mwimbishaji wa Genge Letu

Nilimaliza kidato cha nne Tabora nchi ikiwa bado changa, na kwa cheti hicho nikafanywa mnyapara wa genge la reli, upande wa kwenda Usinge, mahali reli inapofuata njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Wanaume kumi na wawili, karibu wote wakubwa kwangu. Mimi nilishika daftari, wao mitaimbo.

Chuma cha reli hakiinuki kwa nguvu tu. Lazima mikono yote inyanyuke kwa pamoja, na kwa hilo tulimtegemea mtu mmoja, mzee wa Puge, aliyetuimbisha. Alirusha mstari kwa Kinyamwezi, wenzake wakaitikia, na kwenye kiitikio chuma kikapanda. Alitunga papo hapo. Hata mimi aliniimba, na viatu vyangu visivyojua vumbi. Kipande cha siku tulikimaliza kabla jua halijawa kali.

Ikatoka nafasi ya msaidizi wangu, pamoja na nyumba ya matofali pale kituoni. Mzee yule alilala bwenini miaka yote, mkewe yuko Puge. Kila mtu alijua zamu yake imefika. Alishamwambia mkewe kwa barua ajiandae kuhamia. Barua hiyo nilimwandikia mimi, kwa mkono wangu.

Halafu nikampendekeza shemeji yangu, mwenye miezi mitano kazini. Sitamsingizia mke wangu, hakuniomba. Nilitaka tu kuonekana mtu mkubwa ukweni.

Asubuhi iliyofuata tangazo la uteuzi wake, mikono ilishika chuma, wimbo haukuja.

"Mzee, tunakungoja wewe."

"Nipo, ndugu mnyapara. Mikono si hii hapa?"

"Basi tuimbishe."

"Kwenye karatasi yangu ya kazi imeandikwa kuimba? Wewe msomi, hebu nisomee."

Mmoja akacheka puani. "Aimbishe shemeji! Mtu mwenye nyumba hakosi sauti."

Shemeji akahesabu moja, mbili, tatu. Chuma kikapanda upande mmoja, kikaanguka.

Hakuna aliyegoma. Walifika kwa wakati, niliwaamkia shikamoo wakaitikia marahaba. Lakini kazi ya asubuhi ikawa ya kutwa. Niliwahutubia juu ya kujitegemea. Walinisikiliza wameegemea mitaimbo, kama wanaosubiri treni ipite. Jioni nilipousogelea moto wao, mazungumzo yaligeuka kuwa ya mvua.

Mkaguzi alipokuja kuuliza kwa nini tumerudi nyuma, nyumba ilikuwa haijakabidhiwa bado. Neno moja tu la kukiri lingetosha. Nikamwambia genge lina wavivu.

Mzee akaomba uhamisho. Barua ya maombi aliandikiwa na mtu mwingine. Aliondoka na treni ya mchana, akampa mkono kila mmoja, nami pia, bila kinyongo usoni, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi. Mkewe hakufika kituoni kwetu kamwe.

Wiki ile nilivua koti, nikashika chuma pamoja nao kwa mara ya kwanza, nikaanzisha wimbo mwenyewe. Maneno niliyajua yote. Nikarusha mstari wa kwanza, nikangoja. Nikaurudia. Wanaume wale walitazama chini, kila mmoja mikononi mwake, mpaka nilipochoka nikaanza kuhesabu.